Kanda za kwaya zinapokataa kuingia ndani ya kompyuta

Katika makanisa mengi ya Fizi, tangu Baraka hadi Lulimba, hazikosi kaseti ndogo za MiniDV: kwaya, ubatizo ziwani, mazishi ya wazee. Baadhi ya wanaoonekana humo wamelala katika Bwana, wengine wako kambini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa. Mara nyingi hakuna picha nyingine ya nyuso zao. Kaseti huchakaa kila inapochezwa, na kamera za kuisoma zinazidi kuwa chache. Kwa hiyo tunawasihi mafundi wetu: jaribuni kwanza kwa kaseti isiyo na thamani, na sogezeni kitufe kidogo cha mgongoni mwa kaseti upande wa SAVE, isije ikafutwa kwa bahati mbaya.

Kompyuta isipoiona kamera, kosa mara nyingi liko kwenye waya. Tundu la USB la kamera nyingi za aina hii ni la picha za kawaida. Video kamili hupita kwenye tundu la FireWire, ambalo Sony huliita i.Link. Waya wa bei rahisi sokoni, wenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili, haufanyi kazi hata kidogo. Tafuteni kompyuta ya zamani yenye tundu lenyewe. Zimeni kamera kabla ya kuchomeka, kwa maana tundu hilo huweza kuungua. Kisha iwasheni upande wa kucheza (VCR au PLAY), si wa kurekodi.

Je, kazi inakatika kila ikifika karibu dakika 19? Hapo kamera haina kosa. Saa moja ya DV hujaza karibu gigabaiti 13, na diski iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Ipangeni upya kwa NTFS, lakini hamisheni kwanza vyote vilivyomo, kwa sababu kupanga upya hufuta kila kitu.

Picha zikiruka na programu ikihesabu fremu zilizopotea, kompyuta imeshindwa kuandika kwa mwendo wa kanda. Fungeni programu nyingine, zimeni kinga ya virusi kwa muda, andikeni kwenye diski ya ndani, si kwenye flashi. Sisi tunaotumia sola na jenereta tusisahau jambo hili: laptop inayokula betri hupunguza nguvu yake yenyewe. Ondoeni mpangilio huo wa kubana umeme, na kamera nayo iwe kwenye chaja, kwa sababu kaseti ya saa moja huchukua saa moja nzima.

Vipande vya mraba kwenye picha, au sauti inayokatika, vikionekana pia kwenye kioo cha kamera, ni vumbi kwenye kichwa cha kusomea. Tumieni kaseti kavu ya kusafishia kwa sekunde chache tu. Pamba na spiriti ya dawa tusiziguse. Kaseti iliyorekodiwa kwa LP mara nyingi husomeka vizuri kwenye kamera ileile iliyoirekodi, basi ulizeni ilikopelekwa.

Kwa kanda kubwa za VHS, picha isiyo na rangi huonyesha kwamba programu inangoja PAL wakati kanda ni SECAM, au kinyume chake. Badilisheni mpangilio huo kabla ya kulaumu kanda.

Mkimaliza, tazameni faili yote hadi mwisho, na nakala ya pili ikae katika nyumba nyingine.