Cheni Zilizopita Igalula

Igalula iko mashariki ya Tabora, kwenye Reli ya Kati. Kila mzigo uliotoka Dar es Salaam kwenda Urambo kwa treni ulipita hapa kwetu. Ndiyo maana Mpango wa Karanga wa 1947 nauhesabu kuwa sehemu ya historia yetu.

Baada ya vita Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga zaidi ya ekari milioni 3, zikiwemo za Kongwa, Nachingwea na Urambo. Makatapila mengi yalikuwa mabaki ya jeshi kutoka Ufilipino, yamekwisha chakaa. Mengine, Shervick, yaliundwa kwa vyuma vya vifaru vya Sherman.

Mashine ya cheni hujila yenyewe. Mchanga husaga pini na bushi, cheni hulegea. Fundi huikaza, kisha hupunguza kiungo, mwishowe hana budi kuvalisha mpya. Na mpya ilitoka ng'ambo: meli, bandari, kisha behewa.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya njia hii ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Siitamani misafara; watu walifia njiani. Lakini ujuzi wa safari ile ulikuwa mikononi mwa waliosafiri.

Mpango ulifutwa 1951, umekwisha kula takribani pauni milioni 36. Ukame ulichangia, na udongo pia. Mimi nabaki na swali ambalo hurudi kila trekta la kijiji linaposimama: kipuri kinatoka wapi, na nani anajua kukifunga?