Matundu na Mpako: Habari za Chujio la Masizi katika Magari

Wengi waandikao habari za vyombo vya kusafishia moshi wa magari huzifanya kuwa habari za platinamu. Hapo hupotea jambo kubwa. Nguvu ya madini hiyo ilijulikana zamani; kilichochelewa ni ukuta wa kuibeba, na thamani ya ukuta huo imo katika matundu yake.

Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani mwaka wa 1930, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa kuyavunja mafuta mazito yawe petroli kwa njia ya vichocheo. Ilipobainika kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles watokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari, alibuni chombo cha kutiwa katika bomba la moshi, akapata hataza mwaka wa 1956. Walakini petroli ya siku zile ilitiwa risasi, nayo risasi huizima platinamu. Chombo kikakosa kazi katika magari. (Neno kichocheo lenyewe lataka hadhari: achocheaye moto jikoni husukuma kuni, nazo kuni huisha, kichocheo cha wakemia huharakisha kazi pasipo chenyewe kuliwa.)

Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka wa 1970 ililifufua jambo hilo. Katika kampuni ya Corning, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis walifanya kazi ambayo mfinyanzi yeyote angeielewa: walichanganya udongo mweupe, talki na alumina, wakausukuma mchanganyiko katika kinu chenye nyufa nyembamba, ukatoka mfano wa sega la nyuki, kisha wakauchoma. Kigae hicho, kiitwacho kodieraiti, hutanuka kidogo mno kikipata moto, kwa hiyo hakipasuki upesi. Magari ya toleo la 1975 yakaanza kukitumia.

Masizi ya dizeli yalikuwa shida nyingine, maana si hewa bali ni chembe, na mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani. Dawa yake ilielezwa na watu wa Corning mwaka wa 1981: mifereji ya lile sega izibwe kwa zamu, huu mbele na wa pili nyuma, hata moshi ulazimike kupenya ukuta. Ukuta huo una unene wa milimita 0.3 hivi.

Hapa neno chujio laweza kumpotosha mtu. Kifumbu hulizuia chicha kwa kuwa chicha ni kubwa kuliko nafasi za ukindu. Tundu la ukuta wa kigae lina upana wa maikromita 10 hadi 20, na chembe ya masizi kwa kawaida ni ya maikromita 0.1 tu. Yaani tundu limeishinda chembe mara mia au zaidi, na hata hivyo chembe haipiti: huyumbishwa na hewa mpaka ikagusa ukuta, ikanata.

Masizi yaliyonaswa hayana budi kuchomwa, ama chujio lizibe na injini ikose pumzi. Yenyewe hutaka joto la nyuzi 600 hivi, ambalo moshi wa dizeli hulifikia mara chache. Mwaka wa 1989 Cooper na Thoss wa Johnson Matthey walionyesha kwamba platinamu ikiwekwa mbele ya chujio hugeuza oksidi ya naitrojeni kuwa daioksidi yake, nayo huyala masizi katika joto la chini sana kuliko hilo. Peugeot, katika gari la 607 la mwaka wa 2000, walifuata njia nyingine, wakatia seriamu katika mafuta na kutumia chujio la kabidi ya silikoni.

Hatimaye platinamu ilipakwa juu ya chujio lenyewe, na ndipo ulipozuka ugomvi wa matundu na mpako. Kile kiungushacho masizi ndicho kizibacho njia ya moshi. Uji wa alumina ukisagwa laini huingia ndani ya ukuta na kuyabana matundu. Ukiwa wa chembe nene hukaa juu yake kama utando. Utando una faida isiyotazamiwa: huyazuia masizi ya kwanza yasizame ukutani, mahali ambapo machache tu hupandisha shinikizo kwa ghafula. Ili mpako upate nafasi, vigae vilifanywa kuwa na uwazi mwingi zaidi, hata asilimia 60 na kupita kwa baadhi yake, na nguvu yake ikapungua.

Kwa muda mrefu matundu yalipimwa kwa kusukumiwa zebaki, kipimo kitoacho ukubwa wa tundu bila kuonyesha lilipo. Picha za eksirei za pande tatu ndizo zilizofichua kwamba mpako haukai sawasawa: pengine umejazana pembeni mwa mfereji, na palipo katikati ya ukuta pakabaki patupu. Moshi nao hufuata papo hapo palipo patupu.