Sauti ya Jermaine: Historia ya Santuri za Vibao vya Jackson 5

Desemba 1971, kampuni ya Motown ilitoa santuri ya ndugu watano kutoka Gary, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Indiana, Marekani, ikaiita Greatest Hits. Nyimbo zilikuwa 11. Mwimbaji mkuu, Michael, alikuwa na miaka 13, na sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Tangu singo yao ya kwanza na Motown iingie madukani ilikuwa imepita miaka miwili na ushei tu. Kuna wanamuziki waliohenya miaka 20 ndipo kampuni zao zikawakusanyia vibao. Hawa walikusanyiwa kabla ya mdogo wao kumaliza shule.

Santuri za namna hii wengi wetu huziona kama vyakula vilivyopashwa moto. Ni nyimbo ambazo watu wanazo tayari, zimefungwa upya na kuuzwa mara ya pili. Kwa Jackson 5 mimi naona vingine. Zipange santuri za vibao vyao kwa kufuata miaka, uzisikilize taratibu, nawe utasikia nani alikuwa mwenye mali, nani aliondoka, na nani alibaki nyuma. Sauti ya kufuatilia humo ni ya Jermaine, kaka yake Michael, ambayo watu wengi huisikia bila kujua ni ya nani.

Nyumba yao ilikuwa namba 2300, mtaa wa Jackson. Jina la mtaa kufanana na la familia lilikuwa jambo la bahati. Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili vya kulala, na baba, mama na watoto tisa walibanana humo. Baba, Joseph, aliendesha kreni katika kiwanda cha chuma. Kabla ya hapo alipiga gitaa katika bendi iliyoitwa The Falcons, ambayo haikufika mbali, na gitaa lake likawekwa kabatini, marufuku kuguswa. Mwanawe Tito aliligusa, akakata waya. Kisa hicho kimesimuliwa na familia mara nyingi: baba alikasirika sana, kisha akamwambia kijana apige aonyeshe anachokijua, naye akapiga. Hapo ndipo mazoezi yalipoanza, kila siku baada ya shule, chini ya jicho la mzee asiyependa mzaha. Jackie, Tito na Jermaine walikuwa wa kwanza. Marlon na Michael wakaongezwa baadaye.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kabla Michael hajakua vya kutosha, mwimbaji wa mbele alikuwa Jermaine. Yeye pia ndiye aliyepiga gitaa la besi jukwaani. Mdogo wake alipofungua kinywa, nyumba nzima ilielewa kwamba nafasi ile imepata mwenyewe. Jermaine alisogea pembeni, ila hakunyamaza.

Mwaka 1967 walishinda shindano la chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Mwanzoni mwa 1968 kampuni ndogo ya Gary, Steeltown, ilitoa singo yao ya kwanza kabisa, Big Boy. Majira ya kiangazi mwaka huohuo, Bobby Taylor, mwimbaji wa kundi la The Vancouvers, aliwaona Chicago akawapeleka Detroit kwenye makao ya Motown. Matangazo ya kampuni yalikuja kuwaambia watu kwamba aliyewavumbua ni mwimbaji Diana Ross, na kwamba Michael ana miaka minane, hali alikuwa amekwisha kutimiza kumi. Berry Gordy, mwenye Motown, aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na alijua thamani ya kuifunga bidhaa vizuri.

Machi 1969 mkataba ukatiwa saini. Gordy akaunda timu ya watunzi wanne, yeye mwenyewe akiwamo pamoja na Freddie Perren, Alphonzo Mizell na Deke Richards. Hawakujiandika kwa majina yao bali kama The Corporation, yaani Shirika, asije mtunzi yeyote akapata umaarufu wa kumfanya adai zaidi. Walichukua wimbo ambao awali ulikusudiwa waimbaji wengine wa Motown, wakaubadili ukawa I Want You Back. Ulitoka Oktoba 1969 na kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Marekani Januari 1970. ABC ikafuata, ikaiondoa kileleni Let It Be ya Beatles. Kisha The Love You Save. Kisha, mwezi Oktoba, I'll Be There, uliokaa juu kwa wiki tano. Hakuna kundi lolote kabla yao ambalo singo zake nne za kwanza kwenye chati hiyo zilishika zote nafasi ya kwanza.

Kwenye I'll Be There natua kidogo, kwa sababu santuri zote zilizofuata zinauzunguka wimbo huu. Zile tatu za kwanza ni mbio: besi inaruka, vijana wanapokezana maneno kama watoto wanaorushiana mpira. Huu wa nne unakwenda polepole. Michael anaanza, mtoto anayeahidi mambo ambayo mtu mzima angesita kuyaahidi, nawe unamwamini. Kisha inaingia sauti nyingine, nzito kidogo, ya kijana wa miaka 15 aliyekwisha vuka balehe, na wimbo unapata sakafu ya kusimamia. Huyo ni Jermaine. Bila yeye ungebaki kuwa wimbo mzuri wa mtoto mwenye kipaji. Kwa kuwa yumo, unasikia ndugu wawili.

Santuri za vibao hazikuanza na wao. Mwaka 1958 kampuni ya Columbia ilikusanya singo za Johnny Mathis katika santuri moja, nayo ikakaa kwenye chati ya Marekani zaidi ya miaka tisa. Kampuni zote zikaiga. Gharama ni ndogo kwa sababu studio imekwisha kulipwa, na mnunuzi anajua anachokipata. Motown iliongeza kivutio ambacho bado kinatumika: wimbo mmoja mpya. Santuri ya 1971 ilibeba Sugar Daddy, ambao haukuwa kwenye albamu yao nyingine yoyote, na kama singo ulifika nafasi ya 10. Shabiki mwenye albamu zote za nyuma akajikuta ananunua tena.

Wakati wenyewe pia ulichaguliwa. Septemba 1971 katuni ya ndugu hawa ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni, na Oktoba Michael alitoa singo yake ya kwanza akiwa peke yake, Got to Be There. Hivyo Greatest Hits ilikuwa pia alama ya mpaka. Upande wa pili wa santuri hiyo kuna Who's Lovin' You, utunzi wa Smokey Robinson uliokuwa nyuma ya singo yao ya kwanza na Motown, ambamo mtoto wa Gary anaimba majuto ya mtu aliyeachwa. Upo pia I Found That Girl, na humo anayeongoza ni Jermaine. Aliyepanga nyimbo zile alijua kundi lina waimbaji wawili.

Habari zao zilivuka bahari, ingawa si kila mlango ulikuwa wazi. Novemba 1969, mwezi mmoja tu baada ya I Want You Back kutoka, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kuulinda utamaduni wa taifa. Zilikuwa siku za Azimio la Arusha, na viongozi waliogopa vijana wasije wakacheza ndoto za watu wengine. Naielewa hofu hiyo, lakini nadhani walikosea. Muziki ule ulikuwa wa wajukuu wa watumwa, watoto wa wafanyakazi wa viwandani, na mwanzoni mwa 1974 ndugu hawa walikwenda wenyewe Senegal wakaimba Dakar. Mlango wa Tanzania nao ulifunguka baadaye: Michael alipozuru nchi hiyo mwaka 1992, alikutana na Rais Ali Hassan Mwinyi.

Turudi Marekani. Baada ya 1971 vibao vilipungua nguvu. Dancing Machine ya 1974 iliwarudisha hadi nafasi ya pili na kuwafanya vijana kila mahali wacheze kama roboti, lakini nyumbani manung'uniko yalikuwa yamejaa. Motown haikuwaruhusu watunge nyimbo zao wala kusimamia utayarishaji wake, na mgawo wao katika mauzo ulikuwa chini ya asilimia 3. Joseph akatafuta mlango mwingine, akaupata katika kampuni ya CBS, iliyowaweka chini ya lebo yake ya Epic. Mwaka 1975 walitangaza kwamba wanahama.

Wanne walihama. Jermaine alibaki. Desemba 1973 alikuwa amemwoa Hazel Gordy, binti wa mwenye kampuni, na sasa alitakiwa kuchagua kati ya baba mzazi na baba mkwe. Watu wamemhukumu kwa urahisi mno. Alikuwa na miaka 20, ana mke, ana kazi mkononi, na kila upande ulimwona msaliti akielekea upande wa pili. Michael, katika kitabu chake Moonwalk cha 1988, alieleza kwamba alizoea kusimama karibu na Jermaine jukwaani, na onyesho la kwanza bila yeye lilimfanya ajihisi yuko uchi.

Motown ilikwenda mahakamani, na jina Jackson 5 likabaki kuwa mali yake. Vijana waliondoka na ukoo wao tu, wakaitwa The Jacksons, na mdogo wao Randy akaziba pengo. Fikiria hali hiyo: jina ulilolibeba tangu utotoni linamilikiwa na mtu mwingine, na pamoja nalo kila ulichowahi kurekodi.

Katika mazingira hayo ndipo ilipotoka Anthology, mwaka 1976: sahani tatu katika jalada moja. Hiyo nayo ni santuri ya vibao, lakini kazi yake ni tofauti na ile ya 1971. Ile ya kwanza ilisema, njoni mwone tulichonacho. Hii ilisema, hiki ni chetu. Ndani yake Motown iliweka nyimbo za kundi pamoja na zile ambazo Michael na Jermaine waliimba kila mmoja peke yake, ikiwamo Daddy's Home ya Jermaine. Mwaka huohuo ikatoa pia Joyful Jukebox Music, albamu ya nyimbo zilizobaki kabatini. Wenyewe walikuwa Philadelphia na watayarishaji Kenneth Gamble na Leon Huff wakirekodi albamu ya kwanza ya The Jacksons. Mnunuzi aliyeingia dukani mwishoni mwa 1976 aliweza kuwakuta ndugu walewale kwenye rafu mbili, kwa majina mawili, wakishindana na nafsi zao za utotoni.

Miaka saba baadaye walisimama pamoja tena. Machi 1983 Motown ilirekodi tamasha la kutimiza miaka 25, nalo likaonyeshwa kwenye televisheni mwezi Mei. Ndugu sita, Jermaine miongoni mwao, waliimba mseto wa vibao vya zamani: I Want You Back, The Love You Save, I'll Be There. Ulikuwa mkusanyiko wa vibao ulio hai, na kwangu mimi ndio bora kuliko yote. Katikati maikrofoni ya Jermaine ilizimika, watazamaji wakaona midomo ikicheza bila sauti. Ndugu wakakumbatiana. Kisha Michael akabaki peke yake na kuimba Billie Jean, wimbo pekee usiku ule ambao haukuwa wa Motown.

Baada ya usiku huo majalada yalibadilika. Uingereza mkusanyiko ulioitwa 18 Greatest Hits ulifika nafasi ya kwanza mwaka 1983, na jina la Michael lilitangulia, la kundi likafuata. Mwaka 1984 Motown ilitoa 14 Greatest Hits kwa mtindo huohuo, safari hii picha ikiwa imechapwa kwenye sahani yenyewe. Dunia ilikuwa imejaa Thriller, albamu ya Michael, na kampuni iliyokuwa na sauti yake ya utotoni haikukusudia kukaa kando. Nyimbo hazikuongezwa wala kupunguzwa sauti yoyote. Jermaine aliendelea kuimba sehemu zake humo ndani kama alivyoziimba 1970, chini ya jina la mdogo wake.

Michael alifariki Juni 25, 2009. Tarehe 7 Julai familia ilimuaga katika ukumbi wa Staples Center, Los Angeles, na ndugu zake walilibeba jeneza, kila mmoja amevaa glavu moja inayometameta. Baadaye Jermaine angesimama kuimba Smile, wimbo ambao mdogo wake aliupenda. Kabla ya hapo walipanda jukwaani waimbaji Mariah Carey na Trey Lorenz. Wakaimba I'll Be There, Mariah akishika sehemu za Michael. Ilipofika zamu ya sauti ya pili, Lorenz ndiye aliyeiimba. Jermaine alikuwa amekaa mbele, pamoja na kaka zake na wadogo zake, akisikiliza.