Zeoliti zenye metali, kutumika tena kwa

Uwezo wa kichocheo cha zeoliti (madini yenye vitundu vidogo sana), kilichoongezwa metali kama nikeli, kobalti au zinki, kuboresha mafuta ya tungamotaka kwa mizunguko mingi. Mafuta hayo hupatikana kwa kupasha vumbi la mbao joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi pasipo oksijeni. Njombe na Makambako nchini Tanzania, zenye mashamba ya misonobari na miwati, zina malighafi hiyo tele. TANWAT, kampuni iliyoanzishwa Njombe mwaka 1949, imezalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya miti.

Mafuta hayo ya tungamotaka yakiwa ghafi yana maji mengi, oksijeni na asidi, na huzidi kuwa mazito yakihifadhiwa. Zeoliti, hasa ZSM-5, huondoa oksijeni, lakini kaboni huziba vitundu vyake upesi. Kuichoma kaboni hiyo kwa hewa, nyuzi 500 hadi 600, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya kichocheo. Madhara mengine hayarudi nyuma kirahisi: mvuke wa moto hung'oa alumini, chembe za metali huungana na kukua, na potasiamu ya majivu hudhoofisha sehemu zenye asidi. Kwa hiyo matokeo ya mzunguko wa kwanza hayatoshi kukihukumu kichocheo. Ili kupunguza potasiamu hiyo, magome, yenye majivu mengi kuliko mbao, yafaa kutengwa mapema.