Kovu la Begani na Wahudumu wa Tshuapa
Mwaka 1970, huko Basankusu, kaskazini-magharibi mwa Kongo, mtoto wa miezi tisa alitokwa na malengelenge kama ya ndui. Ndiye binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuugua mpox, naye hakuwa amechanjwa.

Uchunguzi wa miaka ya 1980 nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulionyesha kuwa chanjo ya ndui ilizuia mpox kwa takriban asilimia 85. Ajabu ni kwamba chanjo hiyohiyo ilikuwa inaachwa: ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na kizazi kizima kikakua bila lile kovu la begani lililoachwa na chanjo.

Kuanzia mwaka 2017, wahudumu wa afya wapatao 1,600 mkoani Tshuapa walijitolea kwenye utafiti wa MVA-BN, chanjo dhidi ya ndui na mpox iliyotengenezwa kwa kirusi kilichodhoofishwa hata hakiwezi kuzaliana mwilini. Walipata dozi mbili, wiki nne zikiwa kati yake. Kingamwili zilipanda, kisha zikashuka, lakini baada ya miaka miwili zilikuwa bado juu ya kiwango cha mwanzo.

Kushuka si lazima kuwe kuisha. Katika majaribio mengine, dozi ya nyongeza iliyotolewa baada ya miaka miwili iliamsha kinga upesi.

Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, nao walianza kuchanjwa dhidi ya mpox Oktoba 2024.