Majina ya Heshima ya Viongozi wa Uhuru

Wahenga walisema, "Jina jema hung'ara gizani." Katika mataifa mengi yaliyopigania uhuru, kiongozi aliyetangulia mbele aliongezewa jina la heshima juu ya lile alilopewa na wazazi wake, na mara nyingi jina la pili likalishinda la kwanza. Watoto wetu shuleni huyajua majina hayo kwa ghibu, lakini ni wachache waulizao: Nani aliyeyatoa, na kwa sababu gani? Basi yafaa tuitazame habari hii kwa mifano michache, maana milango ya kuingilia heshima ni mingi, wala haifanani.

Mlango wa kwanza ni baraza la mji. Simón Bolívar alizaliwa Caracas, katika nchi ya Venezuela, mwaka 1783, nchi hiyo ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Tarehe 6 Agosti 1813 aliingia Caracas pamoja na askari wake kwa ushindi, na tarehe 14 Oktoba mwaka ule ule wakuu wa mji wakampa jina la El Libertador, yaani Mkombozi. Lakini angalieni: ukombozi wenyewe ulikuwa bado. Mwaka 1814 jamhuri yake ilivunjwa, naye akalazimika kuikimbia nchi. Hata tarehe 24 Juni 1821 ndipo aliposhinda vita vikubwa vya Carabobo. Jina lilitangulia, kazi ikafuata. Lilikuwa kama deni lililoandikwa daftarini, naye alitumia nguvu zake zote kulilipa. Alipokufa mwaka 1830 alikuwa amekwisha kuacha madaraka, na wengi wamemkataa. Lakini mwaka 1842 Caracas iliirudisha mifupa yake kwa heshima kubwa.

Mlango wa pili ni sheria. Mustafa Kemal wa Uturuki alipewa na Bunge jina la Gazi, yaani shujaa mshindi, mwezi Septemba 1921, baada ya kuwazuia Wagiriki katika vita vya Sakarya. Kisha mwaka 1934 ilitoka sheria kwamba kila Mturuki awe na jina la ukoo. Tarehe 24 Novemba mwaka huo Bunge likampa yeye jina la Atatürk, maana yake Baba wa Waturuki, na watu wengine wakakatazwa kulitumia. Jambo la ajabu ni kwamba siku mbili tu baadaye Bunge lilo hilo liliyafuta majina ya heshima ya zamani, kama vile pasha, bey na efendi. Neno hili la mwisho sisi tunalijua, maana ndilo lililozaa "afande" ya askari wetu. Hivyo wengi walivuliwa heshima zao, na mmoja akavikwa heshima isiyoweza kurithiwa wala kuigwa.

Mlango wa tatu ni midomo ya watu. Mohandas Gandhi wa India aliitwa Mahatma, neno la Kisanskriti lenye maana ya roho kuu, na mshairi Rabindranath Tagore ni mmoja wa waliolieneza. Gandhi mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake, aliandika kwamba jina hilo lilimwumiza mara nyingi. Tarehe 6 Julai 1944 Subhas Chandra Bose, ambaye hakupatana naye katika njia ya kuutafuta uhuru, alimwita Baba wa Taifa katika hotuba ya redio. Heshima itokayo kwa mtu mnayepingana naye haina unafiki ndani yake. India ilipojiandikia katiba yake, iliyoanza kazi mwaka 1950, serikali ilikatazwa kutoa majina ya heshima, isipokuwa ya jeshi na ya elimu. Kwa hiyo hakuna sheria iliyompa Gandhi majina yake, wala hapana sheria iwezayo kumnyang'anya.

Lakini sifa ina hatari yake, na mithali yetu yasema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Kwame Nkrumah aliiongoza Pwani ya Dhahabu hata ikapata uhuru kwa jina la Ghana, tarehe 6 Machi 1957. Akaitwa Osagyefo, jina la heshima la Waakani lenye maana ya mwokozi mwenye kushinda vita. Kazi yake ilikuwa kubwa kweli. Lakini tangu mwaka 1958 palikuwa na sheria ya kuwafunga watu pasipo kuwahukumu, na mwaka 1964 vyama vingine vyote vikapigwa marufuku. Panapokuwa hivyo, ni nani awezaye kujua kama wanaosifu wanasifu kwa mapenzi au kwa hofu? Tarehe 24 Februari 1966 jeshi lilimwondoa, na sanamu yake mjini Accra ikaangushwa. Leo sanamu hiyo iliyovunjika imewekwa katika bustani ya kumbukumbu yake, iliyofunguliwa mwaka 1992. Nayo yafundisha kuliko ingalikuwa nzima.

Mwisho tumtaje Julius Nyerere. Alifundisha Tabora, na baada ya masomo yake Edinburgh akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo ili akitumikie chama cha TANU. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa mkuu wa nchi. Lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu. Aliuacha urais mwaka 1985, jina likabaki, hata alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na hata sasa. Jina hili halisemi kwamba mtu ni mkuu. Lasema kazi aliyoifanya, na kila mwenye kushika chaki analishiriki.

Basi, walimu wenzangu, tusiwafundishe watoto majina haya kama sala za kukariri. Tuwafundishe kuuliza: Limetoka kwa nani? Lilitolewa kabla ya kazi au baada yake? Wasiompenda waliweza kunyamaza bila kuadhibiwa? Mtoto ajuaye kuuliza hivyo atamheshimu anayestahili, na siku moja atakapoletewa jina kubwa lisilo na kazi ndani yake, atalipima kwanza.