Kariakoo na Daftari la Watu

Leo tutasoma habari za jina mnalolijua nyote: Kariakoo. Jina hili limetoka katika Kiingereza, nalo maana yake ni kikosi cha wapagazi. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakawaweka wapagazi wao mahali pale.

Kila mpagazi alipewa namba. Lakini daftari hazikutunzwa vizuri. Majina mengi yaliandikwa vibaya, na mengine hayakuandikwa kabisa. Wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi. Walikuwa wangapi? Hata leo wanahistoria hukisia tu; wengine husema walikaribia laki moja. Basi, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wajane wala watoto wao. Ile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inawataja wapagazi kwa jumla, bila jina la mtu hata mmoja.

Lakini msidhani kwamba watu walipenda kuandikwa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza nao wakatoza kodi yao. Mtu akimwona karani na daftari, alijua kodi inakuja. Wengine walijificha, nami siwalaumu.

Waingereza walihesabu watu wa Tanganyika mwaka 1948, na tena mwaka 1957. Wazungu, Wahindi na Waarabu walihesabiwa mbali, kwa maswali mengi. Waafrika walihesabiwa siku nyingine, kwa maswali machache. Hivyo serikali ilijua mengi juu ya watu wachache, na machache juu ya watu wengi. Sensa ya kwanza baada ya Uhuru ilifanywa mwaka 1967, na safari hii watu wa rangi zote walihesabiwa pamoja.

Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Makarani walitoka usiku wakawahesabu hata wasafiri na wale wanaolala vibarazani. Hilo lilikuwa jambo la haki.

Hata hivyo, sensa humwandika mtu mahali alipolala. Mama auzaye mihogo Kariakoo hulala Mbagala. Kijana avutaye mkokoteni hulala Gongo la Mboto. Usiku Kariakoo ina watu wachache; mchana hapapitiki! Mwenye kupanga vyoo, mifereji na maji ya bomba kwa hesabu ya usiku peke yake atajenga vyoo vichache mno, na mama yule atashinda kutwa bila choo. Inafaa watu wahesabiwe mchana pia, na waulizwe hata wasio na duka.

Haya, chukueni daftari zenu. Kila mmoja aandike majina ya watu wote waliolala nyumbani kwake usiku wa jana, wazee na watoto wachanga pia. Kisha, mbele ya kila jina, aandike mahali mtu huyo anaposhinda mchana. Tutazisoma kazi hizo katika somo lijalo.